Ufaransa 2024: mawaziri wakuu wanne na hesabu ya 289

Ufaransa iliuanza mwaka 2024 Élisabeth Borne akiwa Waziri Mkuu, ikaumaliza na François Bayrou. Katikati walipita Gabriel Attal, aliyeteuliwa tarehe 9 Januari akiwa na miaka 34, na Michel Barnier, aliyeteuliwa tarehe 5 Septemba akiwa na miaka 73. Mmoja ndiye kijana kuliko wote na mwingine mzee kuliko wote waliowahi kushika wadhifa huo tangu Jamhuri ya Tano ianze mwaka 1958. Habari nyingi zilizotufikia kwa Kiswahili zilisimulia kuja na kuondoka kwao kama ugomvi wa wakubwa. Ugomvi ulikuwepo, ila kilichowaangusha ni hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 577, wingi unaanzia 289, na kuanzia Julai hakukuwa na chama wala muungano uliokaribia namba hiyo. Ukiishika hesabu hii, karibu kila tukio la mwaka ule linaeleweka.

Tuanze na namna Waziri Mkuu anavyopatikana, maana hapa ndipo msomaji wa Tanzania hupotea. Kwa Katiba ya Tanzania, Rais humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, kisha jina linapelekwa bungeni kuthibitishwa. Ufaransa haina hatua hiyo ya pili. Ibara ya 8 inampa Rais uteuzi, basi. Mteule si lazima awe mbunge (Barnier hakuwa), na serikali yake inaanza kazi bila kupigiwa kura yoyote. Nguvu ya Bunge iko upande wa pili: linaweza kumwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani, chini ya ibara ya 49. Katika kura hiyo zinahesabiwa kura za wanaoikataa serikali peke yake. Asiyefika, mgonjwa, anayenyamaza, wote wanahesabiwa kana kwamba wako upande wa serikali. Kwa hiyo Waziri Mkuu anaweza kutawala huku wengi hawampendi, mradi wasiompenda wasikubaliane kupiga kura pamoja siku moja.

Rais Emmanuel Macron alikuwa anaishi hivyo tangu Juni 2022, uchaguzi wa bunge ulipomnyima wingi. Borne alipitisha mambo yake mazito kwa fungu la 3 la ibara ya 49, lile ambalo Wafaransa huliita kwa kifupi 49.3, alilitumia mara 23. Linafanya kazi hivi: serikali inaufunga muswada pamoja na uhai wake yenyewe, na muswada unahesabiwa umepita bila kura, isipokuwa hoja ya kutokuwa na imani iwasilishwe ndani ya saa 24 na ipite. Hoja inahitaji saini za moja ya kumi ya wabunge, yaani 58, na haipigiwi kura kabla ya saa 48 kwisha. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2008, serikali inaweza kulitumia mara nyingi itakavyo kwa bajeti ya serikali na bajeti ya hifadhi ya jamii, lakini kwa miswada mingine ni mmoja tu katika kila msimu wa vikao. Ndiyo maana vita kubwa ya mwaka ilikuja kupiganiwa kwenye bajeti.

Miezi ya kwanza ilikuwa na kelele zake. Tarehe 25 Januari Baraza la Katiba lilifuta vifungu 35 kati ya 86 vya sheria ya uhamiaji, vingi kwa sababu vilichomekwa katika muswada usiohusiana navyo. Siku hizo hizo wakulima walikuwa wamefunga barabara kuu kwa matrekta, hasira yao ikiwa ni kodi ya dizeli ya mashambani, makaratasi mengi na bei ndogo ya mazao. Attal aliwafuata kusini-magharibi, akaweka karatasi za hotuba yake juu ya robota la majani makavu, akatangaza kwamba kodi ile haitapanda. Ilikuwa picha nzuri ya televisheni, na hatua yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini fedha iliyosamehewa ilitoka katika hazina ambayo tayari ilikuwa na tundu, na tundu hilo litarudi kwetu mwezi wa Novemba.

Mambo mawili ya Katiba yanafaa kuwekwa kando kwa kando. Ili Katiba ya Ufaransa irekebishwe kwa njia ya wabunge, Bunge la Taifa na Seneti sharti wapitishe maneno yale yale, herufi kwa herufi, kisha wakae pamoja Versailles na kupata kura tatu kati ya kila tano. Tarehe 4 Machi uhuru wa mwanamke kutoa mimba uliingizwa katika Katiba kwa kura 780 dhidi ya 72. Zilizohitajika zilikuwa 512. Hiyo ni kazi iliyoandaliwa kwa subira, neno moja moja, mpaka Seneti yenye wengi wa mrengo wa kulia ikaridhika na neno “uhuru” badala ya “haki”.

La pili lilihusu Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa. Tangu makubaliano ya Nouméa ya 1998, wengi wa waliohamia baadaye hawapigi kura katika chaguzi za jimbo hilo, ili wenyeji Wakanaki wasizidiwe kwa idadi katika nchi yao. Serikali ilitaka kuwaongeza wenye miaka kumi ya ukaazi. Mabunge yote mawili yalipitisha maneno hayo, lakini visiwani hakukuwa na maafikiano, na tarehe 13 Mei mji mkuu, Nouméa, ukawaka. Watu wasiopungua 13 walikufa, maduka na viwanda vikateketea, hali ya hatari ikatangazwa, hata TikTok ikafungwa. Muswada haukufika Versailles. Kura zilikuwepo Paris. Kilichokosekana ni ridhaa ya wanaoishi na matokeo, na kwangu hilo ndilo kosa zito kuliko yote ya nusu ya kwanza ya mwaka.

Kisha tarehe 9 Juni. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, orodha ya chama cha mrengo mkali wa kulia, Rassemblement National (RN), iliyoongozwa na Jordan Bardella, ilipata asilimia 31.37. Orodha ya Macron ilipata asilimia 14.6, chini ya nusu yake. Saa moja baada ya vituo kufungwa, Macron alitokea kwenye televisheni na kulivunja Bunge la Taifa kwa ibara ya 12. Ibara hiyo ina masharti mawili tu ya maana. Uchaguzi ufanyike kati ya siku 20 na 40 baada ya kuvunja; na baada ya uchaguzi huo, Bunge halivunjwi tena kwa mwaka mzima. Watu walilisoma la kwanza wakalisahau la pili. Lakini ni la pili lililoifunga Ufaransa mpaka Julai 2025: Rais alikuwa na risasi moja, akaifyatua.

Alichagua muda mfupi kabisa: duru ya kwanza tarehe 30 Juni, ya pili tarehe 7 Julai. Fomu za wagombea zilifungwa Jumapili tarehe 16 Juni saa kumi na mbili jioni. Vyama vilikuwa na wiki moja tu. Kiongozi wa chama cha kulia cha Les Républicains, Éric Ciotti, alitangaza kuungana na RN bila kukubaliana na wenzake. Wakamfukuza, naye akajifungia katika makao makuu ya chama, na mahakama ikasimamisha kufukuzwa kwake. Upande wa kushoto ulifanya kazi iliyonishangaza kwa kasi yake. Vyama vilivyokuwa vikitukanana wiki moja kabla viligawana majimbo kama Nouveau Front Populaire: La France insoumise 229, Wasoshalisti 175, Wanamazingira 92, Wakomunisti 50. Mgombea mmoja kila jimbo, kwa sababu ya kizingiti nitakachokieleza hivi punde.

Uchaguzi uliangukia mwanzo wa likizo, kwa hiyo kura za uwakilishi, yaani za kumtuma mwingine akupigie, zilipita milioni 2. Utaratibu wake ni huu: unajaza maombi mtandaoni, kisha kwa kawaida unakwenda mwenyewe kituo cha polisi au cha jandarmu (polisi wa kijeshi) na kitambulisho ili wakuthibitishe. Unayemtuma anaweza kuwa ameandikishwa mji mwingine, lakini lazima aje kupiga kura hiyo katika kituo chako, si chake. Na hawezi kubeba zaidi ya kura moja ya mtu aliyeko Ufaransa. Wengi hukwama kwenye vitu hivyo viwili: wanamtuma rafiki aliye mbali asiyeweza kusafiri, au wanamtuma mtu ambaye tayari kabeba ya mama yake.

Sasa kizingiti. Jimbo linatoa mbunge mmoja. Anayepata zaidi ya nusu ya kura katika duru ya kwanza, na kura hizo zikafika robo ya walioandikishwa, ameshinda hapo hapo. Safari hii walikuwa 76. Vinginevyo ni duru ya pili, na wanaoingia ni wawili wa kwanza pamoja na yeyote aliyepata kura za asilimia 12.5 ya walioandikishwa. Angalia: walioandikishwa, si waliopiga kura. Mwaka 2022 walijitokeza chini ya nusu, kwa hiyo mtu wa tatu alihitaji zaidi ya robo ya kura zilizopigwa, na majimbo ya watu watatu yalikuwa manane tu. Tarehe 30 Juni 2024 walijitokeza asilimia 66.7. Piga hesabu: 12.5 gawanya kwa 0.667, unapata chini kidogo ya asilimia 19. Ghafla majimbo zaidi ya 300 yakawa na wagombea watatu waliofuzu.

RN na washirika walikuwa na takriban asilimia 33, kushoto 28, kambi ya Macron 20. Katika jimbo la watu watatu, mwenye asilimia 38 anaweza kushinda. Kwa hiyo kama kila mtu angebaki, RN ilikuwa na njia ya kufika 289. Mwisho wa kuandikisha wagombea wa duru ya pili ulikuwa Jumanne tarehe 2 Julai saa kumi na mbili jioni. Kwa saa arobaini na nane, wagombea zaidi ya 210 waliokuwa nafasi ya tatu walijitoa, wengi wao wa kushoto, wengine wa Macron. Majimbo ya watu watatu yakabaki chini ya 90. Matokeo: kushoto takriban viti 180, kambi ya Macron zaidi ya 160, RN na washirika 143. Hesabu hutofautiana kidogo kati ya wizara na magazeti kwa sababu baadhi ya wabunge wa kushoto na wa kulia hawakuwa na nembo rasmi.

Baadaye ilisemwa sana kwamba RN iliibiwa, kwa kuwa ilipata asilimia 37 ya kura katika duru ya pili. Asilimia hiyo haina maana inayopewa. Duru ya pili RN ilikuwa na wagombea karibu kila mahali, na wengine walikuwa wamejitoa katika mamia ya majimbo. Hesabu ya jumla lazima imvimbishe aliyebaki. Katika majimbo mengi waliachiwa wawili, na wengi wa wapiga kura wakamchagua mwingine. Ndivyo mfumo wa duru mbili ulivyoundwa, na RN yenyewe inaujua tangu zamani. Malalamiko ya haki yako kwingine: wapiga kura wa kushoto walimwokoa mgombea wa Macron katika majimbo mengi, kisha wakaambiwa kura yao haihesabiki katika kuunda serikali.

Tarehe 16 Julai Macron alipokea rasmi kujiuzulu kwa Attal. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu tarehe 18 Bunge lilikuwa linachagua spika, na ibara ya 23 inamkataza waziri kuwa mbunge. Waziri aliyejiuzulu lakini anashikilia shughuli za kila siku anaweza kukaa bungeni. Mawaziri 17 wakaingia ukumbini na kupiga kura. Katika raundi ya tatu, ambayo mwenye kura nyingi anashinda hata bila wingi kamili, Yaël Braun-Pivet wa kambi ya Macron alipata 220, mkomunisti André Chassaigne 207, na Sébastien Chenu wa RN 141. Tofauti ni 13. Weka 13 kando ya 17 uone.

Kushoto walichukua mpaka tarehe 23 Julai kukubaliana juu ya jina: Lucie Castets, mkurugenzi wa fedha wa jiji la Paris. Macron aliliweka jina hilo pembeni mpaka baada ya Olimpiki, na tarehe 26 Agosti akalikataa kwa hoja kwamba serikali ya kushoto ingeangushwa mara moja. Kihesabu alikuwa sahihi. Kisiasa, nadhani alipaswa kuliacha Bunge lenyewe liseme hivyo. Michezo ilikwenda vizuri, Ufaransa ikapata medali 64, na Faith Kipyegon akachukua dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1,500, lakini nchi ilikaa siku 51 na serikali isiyo na mamlaka ya kuamua jipya.

Siku hizo 51 ziliiumiza bajeti. Sheria inataka muswada wa bajeti uwasilishwe ifikapo Jumanne ya kwanza ya Oktoba. Barnier, aliyetangaza mawaziri wake tarehe 21 Septemba, aliuwasilisha tarehe 10 Oktoba. Bunge lina siku 70 kwa bajeti ya serikali na siku 50 kwa bajeti ya hifadhi ya jamii. Nakisi ilikuwa inaelekea asilimia 6 ya pato la taifa, mara mbili ya kikomo cha Umoja wa Ulaya, na Barnier alitaka kuziba euro bilioni 60. Tarehe 12 Novemba Bunge lilikataa sehemu ya mapato, iliyokuwa imejazwa marekebisho ya kushoto, kwa kura 362 dhidi ya 192.

Barnier aliweka hesabu yake kwa RN: wakinyamaza, anapita. Marine Le Pen, kiongozi wa wabunge wa RN, alijua hivyo na akadai bei kila wiki. Kodi ya umeme isipande: Barnier akakubali. Fidia ya dawa isipunguzwe: akakubali asubuhi ya tarehe 2 Desemba. Pensheni zote zipandishwe Januari: hapo alikataa. Mchana huo huo akatumia 49.3 kwa bajeti ya hifadhi ya jamii. Tarehe 4 Desemba wabunge walipiga kura juu ya hoja ya kushoto, hoja ambayo ndani yake ilikuwa na maneno makali dhidi ya RN yenyewe. RN wakaipigia hata hivyo. Zilihitajika 288 kwa kuwa viti vitatu vilikuwa wazi, zikapatikana 331. Serikali haikuwa imeangushwa kwa njia hiyo tangu ile ya Georges Pompidou mwaka 1962. Siku tatu baadaye Notre-Dame ilifunguliwa tena mbele ya viongozi wa dunia, Waziri Mkuu akiwa ameshajiuzulu.

Wengi waliandika kwamba Ufaransa itakosa kulipa mishahara kama inavyotokea Marekani. Haiwezekani kirahisi hivyo. Bajeti isipokuwepo tarehe 31 Desemba, serikali, hata iliyojiuzulu, inaomba sheria maalumu yenye mambo machache: kuendelea kukusanya kodi zilizopo, kukopa, na kutumia kwa amri kiwango cha chini cha mwaka uliopita. Ilishafanyika mwishoni mwa 1979. Safari hii Bunge liliipitisha tarehe 16 Desemba bila hata kura moja ya kupinga. Kasoro yake ni kwamba hairuhusu kitu kipya: viwango vya kodi ya mapato havipandi na mfumuko wa bei, mikataba mipya inasimama, misaada iliyoahidiwa wakulima mwezi Januari inabaki ahadi.

Bayrou aliteuliwa Ijumaa tarehe 13 Desemba. Jumamosi tarehe 14, kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa cha Komoro kilichobaki na Ufaransa, ambako watu huzungumza Kishimaore, ndugu wa Kiswahili. Upepo ulizidi kilomita 220 kwa saa. Vibanda vya mabati vilivyopandana kwenye vilima vya Mamoudzou, makazi ya sehemu kubwa ya watu, vilifagiliwa. Hesabu rasmi ya waliokufa ni takriban 40. Mwaka kisiwani ulikuwa umeanza kwa vizuizi vya barabarani juu ya kambi ya uwanja wa Cavani, walikokaa waomba hifadhi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Na mwezi Julai kiti kimoja kati ya viwili vya ubunge kilikwenda RN. Sasa waliokuja kusimamia uokoaji walikuwa mawaziri waliokwisha kuangushwa, Bruno Retailleau wa mambo ya ndani akiwa mmoja wao, kwa sababu Bayrou hakuwa na mawaziri mpaka tarehe 23. Na jioni ya tarehe 16 Bayrou mwenyewe aliruka kwa ndege ya serikali kwenda Pau, kuongoza kikao cha halmashauri ya mji wake, kwa kuwa alikuwa bado meya. Watu wa Mayotte walikuwa wanatafuta maji ya kunywa. Sioni cha kulitetea hilo.

Kisiasa, mwaka 2024 haukuisha usiku wa tarehe 31 Desemba. Uliisha tarehe 5 Februari 2025. Bayrou aliwapa Wasoshalisti ahadi ya kufungua upya mazungumzo ya pensheni, akatumia 49.3 kwa bajeti, na hoja ya kumwangusha ikapata kura 128 tu kwa sababu Wasoshalisti wengi na RN hawakuipigia. Bajeti ikapita, wiki tano baada ya muda. Sheria ya dharura ya kuijenga upya Mayotte ilitangazwa tarehe 24 Februari, siku 72 baada ya kimbunga.